Asali Iliyobaki Msituni: Chakula, Utamaduni na Historia ya Utalii Endelevu katika Ukanda wa Bwindi na Virunga

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya utalii katika misitu ya Bwindi, Mgahinga na Virunga, tangu kuanzishwa kwa Hifadhi ya Albert mwaka 1925 hadi hukumu ya kesi ya Batwa iliyotolewa nchini Uganda mwaka 2021. Badala ya kumtazama gorila peke yake, kama ilivyozoeleka, makala inatazama chakula: asali, nyama ya mwitu, samaki wa ziwani na sahani ya mgeni hotelini. Hoja inayotetewa ni kwamba uendelevu wa utalii katika ukanda huu ulijengwa kwa kumwondoa mlaji mmoja wa msitu na kumkaribisha mwingine, na kwamba sera za mgao wa mapato zimelizunguka suala hilo bila kuligusa.

1. Mrina asali asiyerina

Mwaka 2011, katika Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga, kwenye pembe ya Uganda inayopakana na Rwanda na Kongo, ilizinduliwa ziara inayojulikana kama Njia ya Batwa. Mgeni hulipa ada, kisha huongozwa na Batwa wenyewe katika miteremko ya chini ya volkano. Huonyeshwa namna ya kupekecha vijiti hadi moto ushike, namna ya kutega na kuvuta upinde, na majani na magome yanayotumika kama dawa. Huonyeshwa pia jinsi mrina asali anavyolikabili tundu la nyuki. Safari huishia katika pango la Garama, lenye urefu wa zaidi ya mita 300, ambamo nyimbo huimbwa gizani na wageni wakatoka wameguswa.

Kila kitu katika ziara hiyo ni cha kweli isipokuwa mlo. Upinde huvutwa lakini hakuna paa anayeanguka. Asali husimuliwa, hailambwi. Sheria ya hifadhi hairuhusu kiumbe wala mmea kutolewa humo bila kibali, na waongozaji hao, au wazazi wao, waliondolewa katika msitu huohuo ulipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Wanarudi kwa saa chache kama watumbuizaji wa maisha yao wenyewe, kisha hutoka jioni pamoja na wageni.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Kiswahili kimelitoa hifadhi katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutunza, na kikaliacha libebe maana zaidi ya moja. Hifadhi ni kimbilio la mtu aliye hatarini. Kuhifadhi ni kutunza kitu kisipotee. Na anayehifadhi sura za Kurani huziweka moyoni, haziwekei uzio. Katika lugha ya utawala wa wanyamapori neno hilo limebaki na maana moja tu, ile ya eneo lenye mpaka. Kwa maana ile nyingine, ya kuweka moyoni, wahifadhi wakongwe zaidi wa Mgahinga ni hao wanaoingia kwa kibali.

2. Kutoka bunduki hadi nyumba ya wageni ya Kisoro

Historia ya gorila wa milimani katika maandishi ya Ulaya inaanza na risasi. Mwezi Oktoba 1902 afisa Mjerumani, Robert von Beringe, aliwaua gorila wawili katika mlima Sabyinyo, na mwaka uliofuata spishi hiyo ikapewa jina lake. Mwaka 1921 Carl Akeley, aliyekuwa akifanya kazi kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, aliwaua gorila wengine katika upande wa Kongo ili wakaushwe na kuonyeshwa. Ni Akeley huyohuyo aliyerudi na kumshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji kuwalinda waliosalia. Hifadhi ya Albert ilitangazwa tarehe 21 Aprili 1925 na kupanuliwa mwaka 1929, ikachukua ardhi pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Ruanda-Urundi. Haikukusudiwa kwanza kuwa mahali pa starehe. Ilikuwa mali ya sayansi, na wakazi wa kandokando walijikuta ghafla ni wavamizi wa malisho na vyanzo vyao vya maji.

Utalii kwa maana tunayoielewa leo ulianza upande wa Uganda, tena kwa unyenyekevu. Mwaka 1955 Mjerumani Walter Baumgärtel alishika nyumba ndogo ya wageni katika mji wa Kisoro, akaiendesha hadi mwaka 1969. Alikuwa na wazo kwamba watu wangesafiri kutoka mbali kumwona gorila akiwa hai. Watafiti waliotumwa na Louis Leakey walipitia hapo; George Schaller alipitia; Dian Fossey alipafanya pahali pa kupumzikia. Aliyewawezesha wengi wao kumfikia mnyama huyo ni mwongozaji wa hapohapo, Reuben Rwanzagire, na wafuatiliaji wa nyayo waliojua kusoma alama zinazoachwa njiani: shina lililomenywa, chipukizi la mwanzi lililotafunwa, kinyesi kingali na joto. Kwa maneno mengine, gorila alipatikana kwa kufuata mlo wake. Elimu hiyo haikutoka katika vitabu. Ilitoka kwa watu waliokuwa wakila katika msitu uleule, na ndiyo mtaji wa kwanza wa biashara ambayo leo tiketi yake moja inauzwa kwa mamia ya dola.

3. Pareto, ng'ombe na hoja ya mgeni

Mwishoni mwa miaka ya 1960 upande wa Rwanda ulipoteza takribani hekta 10,000 za hifadhi, zikagawiwa familia ili zilime pareto katika mradi uliofadhiliwa na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Pareto hailiwi, ni ua la kutengenezea dawa ya wadudu kwa ajili ya masoko ya nje. Ni vema jambo hili likumbukwe kila inaposemwa kwamba msitu wa Virunga ulimegwa na njaa ya wakulima. Njaa ya ardhi ilikuwapo, lakini kipande kikubwa zaidi kilikatwa na sera ya fedha za kigeni, ikiungwa mkono na wafadhili walewale ambao baadaye wangelilia gorila.

Katika miaka ya 1970 ulikuja mpango mwingine, wa kutwaa hekta 5,000 zaidi kwa ajili ya ufugaji wa ng'ombe. Hapo ndipo utalii ulipoingia kama hoja ya kisera. Watafiti Bill Weber na Amy Vedder, pamoja na mashirika yaliyounda Mradi wa Gorila wa Milimani mwaka 1979, waliieleza serikali ya Rwanda kwamba msitu uliosimama, ukitembelewa na vikundi vidogo vya wageni, ungeingiza fedha kuliko ng'ombe ambao wangeulisha. Hoja ilisikika. Makundi ya gorila yalizoeshwa watu, idadi ya wageni ikawekewa kikomo, na ndani ya muongo mmoja utalii ukawa miongoni mwa vyanzo vikuu vya fedha za kigeni nchini humo.

Matokeo yake kwa gorila hayana ubishi. Hesabu ya mwaka 1981 katika Virunga ilipata gorila 254 tu. Kufikia mwaka 2018, kwa kujumlisha Virunga na Bwindi, walikuwa 1,063, na Novemba mwaka huo wakaondolewa katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Wameongezeka licha ya vita vya 1990, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na vurugu za Kongo ambazo hazijaisha hadi sasa. Si spishi nyingi za nyani wakubwa duniani zinazoweza kusimuliwa hivyo. Anayekosoa utalii huu hana budi kuanza kwa kulikubali hilo.

Hata hivyo, hoja iliyouokoa msitu iliugeuza pia. Tangu hapo msitu ulihesabiwa kwa kile ambacho mgeni yuko tayari kulipa. Mizani hiyo ilikuwa na nafasi ya ng'ombe, pareto na dola. Haikuwa na nafasi ya asali.

4. Asali ya mzinga na asali ya mti

Bwindi na Mgahinga zilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1991, makundi mawili yaliathirika kwa namna mbili tofauti. Wakulima, wengi wao Bakiga na Bafumbira, walipoteza mbao, fito, dhahabu na mahali pa kuwekea mizinga. Walikasirika, wakapinga, na sehemu za msitu zikachomwa moto. Batwa walipoteza makazi, duka la dawa, mahali pa ibada na ghala la chakula kwa pamoja. Kwa kuwa hawakuwa na hati za ardhi, fidia haikuwa na mahali pa kuwapata. Walikuwa wachache, kwani sensa ya mwaka 2002 iliwahesabu Batwa wasiofika 7,000 katika Uganda nzima, na hawakuchoma kitu.

Serikali na wafadhili walijibu hasira. Katikati ya miaka ya 1990 ulianzishwa utaratibu wa matumizi ya pamoja katika Bwindi, ambao uliwaruhusu wanavijiji waliosajiliwa kuingia katika maeneo maalumu kuchuma mimea ya dawa, kukata malighafi ya kusukia vikapu na kuweka mizinga ya nyuki. Ulikuwa utaratibu wa kupigiwa mfano, na ulipunguza uhasama kwa kiasi kikubwa. Kipindi hichohicho uliundwa mfuko wa udhamini kwa msaada wa takribani dola milioni 4 kupitia Benki ya Dunia, ambao pamoja na kazi nyingine ulizinunulia ardhi baadhi ya familia za Batwa.

Ila ulikuwapo ufa mwembamba ambao maafisa wengi hawakuuona. Mzinga ni mali: una mwenyewe, unasajilika, unahesabika, na mwenye mzinga anaweza kuingizwa katika chama cha wafugaji nyuki. Asali ya mti haina mzinga. Mtwa aliyelijua tundu la nyuki kwa sababu babu yake alilijua hakuwa na cha kusajili, na kurina kwake kukaitwa wizi. Uwindaji haukuzungumzwa kabisa. Kwa hiyo utaratibu uliobuniwa kwa jina la jamii ulimrudisha msituni mkulima aliyefuga nyuki, ukamwacha nje aliyeishi kwa kuwafuata nyuki wasio na mwenyewe. Hapakuwa na nia mbaya. Lugha ya sera ilijua kutamka ufugaji wa nyuki. Haikujua kutamka urinaji.

Matokeo yake kwa mlo wa kila siku yalikuwa mazito. Familia nyingi za Batwa zilibaki kandokando ya mashamba ya watu wengine, zikilima viazi na kulipwa viazi. Asali, viazi vikuu vya mwitu, uyoga na nyama vilitoweka katika chungu, na pamoja navyo yakaanza kutoweka majina. Kwa mtafiti wa lugha hasara hii haipimwi kwa kilo. Aina ya asali ambayo hakuna anayeila kwa vizazi viwili huishia kukosa jina, na mtoto anayelisikia jina hilo katika ziara ya wageni hulisikia kama neno la mchezo wa kuigiza.

5. Nani anakula utaliini

Gorila wa Bwindi walianza kutembelewa rasmi mwaka 1993. Tarehe 1 Machi 1999 watu wenye silaha walivamia Buhoma wakawaua wageni wanane na afisa wa hifadhi, lakini biashara ilisimama tena kwa kasi ambayo haikutarajiwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1996 iliagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi ziende kwa jamii zinazopakana nayo. Hapa washauri wa sera wanapaswa kusoma polepole: ni asilimia 20 ya kiingilio, si ya kibali cha kumwona gorila, ambacho ndicho chenye fedha. Pengo hilo lilipolalamikiwa, ikaongezwa tozo ya dola 5 kwa kila kibali, baadaye dola 10. Kibali chenyewe kilipanda hadi dola 700 mwaka 2020 na dola 800 mwaka 2024. Rwanda ilianza mwaka 2005 na asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake, ikafikisha asilimia 10 mwaka 2017, mwaka uleule ilipopandisha kibali kutoka dola 750 hadi 1,500.

Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na kuta za kuzuia nyati wasiingie mashambani. Lakini hufuata njia za utawala wa kata, na Batwa mara nyingi hawana mtu katika kamati zinazopanga. Mradi wa mbuzi humfaa mwenye malisho, na ukuta wa mawe humlinda mwenye shamba.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na matumaini ya wengi yalikuwa kwamba mwenyeji angepona jikoni. Mgeni sharti ale. Tafiti zilizofanyika Buhoma zimeonyesha, hata hivyo, kwamba sehemu kubwa ya fedha za wageni huvuja nje ya eneo, na ununuzi wa vyakula ni mojawapo ya mianya. Kwa miaka mingi mboga za hoteli za fahari zilipandishwa gari kutoka miji ya mbali, huku miteremko ya Kisoro na Musanze ikizalisha viazi vya kulisha miji hiyohiyo. Menyu ilikuwa ya Kizungu, na chakula cha wenyeji kikitajwa kilitajwa kama kionjo. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba chakula cha Uganda kilichopata sifa za kitalii bila kusukumwa na mpango wowote ni roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, ya wachuuzi wa barabarani, ambayo ilipata tamasha lake Kampala mwaka 2016.

Yapo yaliyofanikiwa. Kambi ya wageni ya Buhoma, inayomilikiwa na jamii tangu mapema miaka ya 1990, na nyumba ya kifahari ya Sabyinyo nchini Rwanda, ambayo chama cha wanajamii kinapata mgao wake, zimethibitisha kwamba umiliki unawezekana. Mwaka 2015 shirika la daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka lilianza kununua kahawa ya wakulima wa pembezoni mwa Bwindi kwa bei bora, likaiuza kwa jina la gorila. Mkulima mwenye bei nzuri ya kahawa hana sababu ya kuingia msituni kutega. Ila tena ni mkulima: mwenye mibuni ana ardhi.

6. Jina bila ubunnyano

Mwaka huohuo wa 2005 Rwanda ilianzisha Kwita Izina, sherehe ya kila mwaka ya kuwapa majina watoto wa gorila. Imekuwa tukio la kimataifa, linalohudhuriwa na marais, wachezaji wa mpira na waigizaji, na kama kazi ya utangazaji wa utamaduni haina mfano katika ukanda huu. Asili yake ni desturi ya Wanyarwanda ya kumpa jina mtoto mchanga. Katika desturi hiyo watoto wa jirani hukusanywa na kupewa chakula kiitwacho ubunnyano. Hula, kisha kila mmoja hupendekeza jina. Chakula hicho ni sehemu ya tendo lenyewe, kwani anayetoa jina ni yule aliyelishwa.

Sherehe ya kitaifa ilichukua jina ikauacha mlo. Majina hutolewa na wageni mashuhuri jukwaani, na wanakijiji ni watazamaji. Haya yanasemwa bila dharau. Utamaduni ukihamishiwa jukwaani lazima upoteze kitu, na hapa kilichopotea ni ushirika wa kula, yaani kile ambacho kingeweza kuwafanya watoto wa Kinigi kuwa watoa majina wa wanyama wanaoishi juu ya nyumba zao.

7. Samaki wa Vitshumbi na makala ya Goma

Dai kwamba hifadhi na ulaji haviwezi kukaa pamoja linakanushwa na historia ya ukanda wenyewe. Katika Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, vijiji vya wavuvi vya Vitshumbi na Kyavinyonge vilitambuliwa kisheria, na samaki wake huliwa Kivu nzima. Upande wa pili wa ziwa, Hifadhi ya Malkia Elizabeth ilipoundwa mwaka 1952, vijiji vya wavuvi havikuondolewa, na chumvi ya Katwe inaendelea kuchotwa. Usimamizi wake una matatizo mengi, hasa uvuvi wa kupita kiasi. Lakini hakuna aliyesema kwamba kuvua ni kuiba. Tofauti kati ya mvuvi wa Katwe na mrina asali wa Mgahinga si ya kiikolojia. Mvuvi alikuwa na soko, kodi na chama kabla mpaka haujachorwa.

Kongo inafundisha pia kwamba chakula si kile kiliwacho tu, bali na moto unaokipika. Makala, kama mkaa unavyoitwa katika Kiswahili cha huko, yamekula msitu wa Virunga kuliko majembe. Mauaji ya gorila ya Julai 2007, ambamo dume mkubwa Senkwekwe alikufa, yalihusishwa na mtandao wa biashara hiyo. Jibu la maana zaidi lililotolewa halikuwa la bunduki bali la umeme: kituo cha Matebe cha megawati 13, kilichozinduliwa Rutshuru mwishoni mwa mwaka 2015, kilikusudiwa kubadilisha namna watu wanavyopika na kufanya kazi. Utalii ulisitishwa mwaka 2018 baada ya utekaji wa wageni, ukarejea 2019, ukafungwa tena 2020, na tangu hapo vita havijauachia nafasi. Umeme uliendelea kufika majumbani hata wageni walipokwisha kuondoka.

8. Rafiki, na hukumu ya 2021

Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona na mapato yakakauka kwa siku chache. Mwanzoni mwa Juni dume mkuu wa kundi la Nkuringo katika Bwindi, aliyepewa jina la Kiswahili, Rafiki, alikutwa amekufa kwa mkuki. Mtu aliyekiri alieleza kwamba alikuwa akiwinda wanyama wadogo. Alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Vyombo vya habari viliandika juu ya ujangili. Wachache waliandika kwamba mkuki uliingia msituni kutafuta kitoweo katika msimu ambao mishahara ya hoteli ilikuwa imekatika.

Mwaka uliofuata, tarehe 19 Agosti, Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kesi ambayo Batwa waliifungua mwaka 2013 kwa msaada wa chama chao chenye makao Kisoro. Majaji kwa wingi wao walikubali kwamba Batwa waliondolewa katika ardhi yao bila fidia ya kutosha na kuachwa maskini na pembezoni mwa jamii, wakalipeleka suala la namna ya kuwafidia katika Mahakama Kuu. Serikali ilikata rufaa.

Mjadala wa fidia umejikita katika ekari na shilingi, ambazo mahakama inajua kuzihesabu. Lipo ombi dogo zaidi ambalo halihitaji kusubiri rufaa. Mamlaka ya hifadhi tayari ina uwezo wa kukubaliana na jamii juu ya matumizi ya rasilimali katika maeneo maalumu. Ilifanya hivyo kwa mizinga miaka thelathini iliyopita. Makubaliano ya namna hiyo yangeweza kutaja urinaji wa asali ya mti kwa majira, kwa idadi ya watu na kwa matundu yaliyoorodheshwa na warinaji wenyewe, kwa majina yao, katika lugha yao. Wazee wanaoyakumbuka majina hayo walikuwa vijana mwaka 1991.